Zimwi Lililochimbishwa Udongo

Sogeeni niwape ya kweli, maana mimi siongezi chumvi. Mwanakheri alikuwa na mimba ya mwezi wa tisa, tumbo kubwa mpaka kuku wa mtaa mzima wanapumzika kivulini mwake. Akienda kisimani, zimwi likamzibia njia. Lina jicho moja, kubwa kama sinia.

"Mama kijacho, ukizaa tu, mtoto wangu huyo."

Mwanakheri akautazama udongo miguuni pa zimwi, mate yanamjaa. "Baba, natamani udongo uliokanyaga. Ukimnyima mjamzito utaota chokea, na wewe jicho lenyewe moja!"

Zimwi likaogopa, likachimba, likampa. Akatafuna, kru kru kru.

"Mtamu! Nipe wa chini yake."

Likachimba likazama mpaka kiunoni. Kru kru kru.

"Huo ndio wenyewe! Nipe wa chini kabisa."

Likachimba mpaka wafu wakapiga kelele wanamwagiwa mchanga. Kupanda juu likateleza, likaporomoka.

"Mama kijacho," likaita toka shimoni, "umeshiba?"

"Nimeshiba, baba. Pumzika huko huko."

Akajitwisha ndoo, akaenda kujifungua salama. Pilau ya arobaini nilimaliza sufuria peke yangu, na ngano ikaishia tumboni mwangu.