Kiti cha Heshima cha Mzee Yoramu

Sogeeni karibu. Sogea na wewe uliyejikunja pale mlangoni. Redio izimwe, na mwenye mtoto anayelia ampe ziwa, maana habari hii haitaki kelele. Hata leo nikiisimulia mwili unanisisimka.

Sisi ni Wayahudi wa huku juu kwenye baridi, wakulima wa viazi na kabichi. Sinagogi letu ni la mabati, na wanaume wana chama chao. Kazi za chama ni nyingi kuliko sifa zake: kutafuta wanaume kumi ili sala isimame, kuziba paa, kupanga viti, kumtazama mgonjwa.

Mkuu wa chama alikuwa Mzee Yoramu. Alishika kazi hiyo nywele zake zikiwa nyeusi, zikageuka nyeupe humo humo, na hakulipwa hata kikombe cha uji. Alfajiri ungemsikia akigonga dirisha la jirani yake Asheri.

"Amka, Baba Dina! Tuko tisa! Mungu anakungoja wewe tu!"

"Mwambie nimesafiri!"

"Nimwambie uongo Yeye? Vaa suruali, uje umwambie mwenyewe!"

Na Asheri alikuja, akinung'unika njia nzima. Hivyo ndivyo walivyopendana.

Basi mwaka ule wanaume wakasema, huyu mzee tumheshimu angali anasikia. Sifa za kaburini hazina masikio. Katibu wao, Elkana, mtu mwepesi wa miguu na wa maneno, akasema, "Tumtengenezee kiti. Kiti cha kifalme! Akae mbele, apumzike, asigonge tena dirisha la mtu."

Wakakubali, na wakaapa iwe siri.

Elkana akaingia stoo iliyo nyuma ya jiko la sinagogi. Chini ya magunia akakuta mbao za mtarakwa, zimepigwa randa mpaka zinang'aa. "Jamani," akasema, "mali yote hii imelala bure!" Hakuuliza ni za nani. Wa kuulizwa alikuwa Mzee Yoramu, na yeye ndiye aliyekuwa akifichwa. Akazipakia mkokotenini, akazipeleka kwa fundi mjini.

Siku ikafika, Jumapili. Baada ya sala ya asubuhi tukaandaa mayai, mandazi na chai. Wageni walikuja kutoka Nairobi na suti zao. Asheri peke yake hakuwepo. Alikuwa kitandani, kifua kimembana tangu masika. Kiti kilisimama mbele, kimefunikwa shuka jeupe. Hotuba zikatoka, ndefu kama treni. Kisha Elkana akavuta shuka.

Vigelegele! Kilikuwa kizuri, acheni niwaambie. Mgongo mrefu, mikono imechongwa zabibu.

Mzee Yoramu hakupiga makofi. Alikisogelea, akakipapasa, akainama akanusa ubao. Uso wake ukabadilika rangi.

"Elkana. Mbao hizi umezitoa wapi?"

"Stoo, Mzee wetu. Zilikuwa zimekaa tu."

"Hazikuwa zimekaa. Zilikuwa zinangoja mtu."

Elkana akacheka, lakini kicheko cha woga. "Mbao nazo humngoja mtu, Mzee?"

"Hizi humngoja. Hizi ni jeneza."

Jikoni mtu akaangusha sinia. Mzee mmoja wa nyuma akanong'ona, "Mungu wetu! Tumetaka kumkalisha juu ya jeneza lake!"

"Si langu," akasema Yoramu. "Ni la yeyote atakayetangulia."

Lazima niwaeleze. Kwetu maiti hacheleweshwi. Akifa asubuhi, jioni amelala udongoni. Na jeneza halitiwi chuma, hata msumari mmoja. Ni mbao tupu na vijiti vya kuziunganisha, ili tajiri na fukara washuke sawa. Na miaka yote ile, kila msiba ulipoingia, jeneza lilikuwa tayari kabla chai ya waombolezaji haijachemka. Sisi tulidhani linaletwa na ofisi ya Wayahudi wenzetu wa Nairobi.

Mmoja wa wageni wale akashangaa. "Sisi? Sisi tulidhani mnanunua."

Ilikuwa ni Yoramu. Kila msiba aliunda jeneza kwa mbao zilizopo, kisha akapasua nyingine, akazipiga randa, akazilaza chini ya magunia. Kimya kimya. Tulimsifu kwa kupanga viti, na kazi yake kubwa hatukuijua.

Mara mlango ukafunguliwa. Akaingia Tirza, mke wa Asheri, kitambaa kikining'inia begani.

"Mzee Yoramu, Asheri ameniacha. Sasa hivi."

Tukashika vichwa.

"Ulimwahidi," Tirza akasema. "Nilikuwa pale nikisikia. Alikwambia, Yoramu, usiniache nimelala mezani mpaka kesho kama mzigo uliokosa gari. Nawe ukasema, jua halitatua kabla hujalala. Ulisema!"

"Nilisema, Mama Dina."

Mzee akawageukia wanaume. "Kivunjeni."

"Mzee!" Elkana alikuwa karibu kulia. "Kikalie kwanza, hata kidogo tu. Wageni wametoka mbali. Picha moja!"

"Elkana, Asheri hana pa kulala, nami nikakalie kitanda chake?"

Basi wakakivunja. Wanaume wenye tai wakapiga magoti wakang'oa misumari kwa koleo, zabibu zikaruka huku na huku. Lakini Mzee Yoramu alipozilaza mbao sakafuni na kuzipima kwa mkono, akabaki amechuchumaa, hainuki.

"Nini tena?" akauliza Tirza.

"Fundi amezikata. Ubavuni zitaungika, lakini chini hazifiki. Hapa atalala mtoto, mama. Asheri hatalala hapa."

Asheri alikuwa mrefu kuliko wote kijijini. Tirza akaketi chini, pale pale kwenye vumbi la mbao. Hakulia. Afadhali angelia. Mjini maduka yote ya mbao yamefungwa Jumapili, na mti mbichi haupasuliwi kwa saa moja.

Elkana akatoka mbio bila kuaga. Watu wakaguna.

"Huyo! Ametuachia aibu, ametimua mbio."

"Alikuwa hodari wa hotuba tu!"

Hawajamaliza kumsema, tukasikia ugomvi barabarani. Elkana anakuja, amebeba kichwani mlango. Mlango wa nyumba yake mwenyewe! Nyuma yake mkewe, Peninna, mikono hewani.

"Jamani mshikeni, amerukwa na akili! Ameng'oa mlango nikiwa ndani nachambua maharage! Usiku tutalala wazi kama kuku?"

"Tutalala wazi," akajibu Elkana, akautua mlango. "Mzee, ni mtarakwa. Na ni mrefu kuliko Asheri. Mimi ndiye niliyemnyang'anya kitanda."

Peninna akafungua kinywa aendelee. Akamwona Tirza chini. Akakifunga. Kisha akashika koleo, akaanza mwenyewe kutoa bawaba.

Mzee Yoramu, aliyesikiliza hotuba zote macho makavu, sasa machozi yalimshuka ndevuni. Akaenda stoo akarudi na randa yake, akamwekea Elkana mkononi.

"Piga ukifuata nyuzi za mti, usiurarue. Hivyo. Polepole."

Akamtazama akianza. Kisha akasema, "Sasa naweza kukaa." Akakaa juu ya gunia la viazi, akaomba chai.

Asheri tulimzika jua likiwa bado juu ya kilima, chini mlango wa Elkana, ubavuni kiti cha Yoramu.

Mzee naye alikaa nasi duniani misimu michache tu, akaenda zake. Jeneza lake lilikuwa tayari kabla chai haijachemka, na safari hii kila mtu alijua nani amelipiga randa. Randa ilibaki kwa Elkana. Madirisha ya alfajiri alirithi mwana wa Asheri, ambaye sauti yake ni mbaya kuliko ya Yoramu, Mungu amsamehe. Na Peninna alirithi mlango wa bati, unaopiga kelele upepo ukivuma. Huulalamikia mpaka leo. Lakini mwambie aubadilishe, uone atakavyokutazama.

Funzo: Aliyewabebea wengine mizigo maisha yake yote usimpe kiti tu, ingiza bega lako chini ya mzigo wake angali hai.