Kona Aliyojifungulia Nanzia

Sogeeni mnisikilize vizuri, maana mwisho wa jambo hili nitawaachia ninyi.

Huko milima ya Upare, katika kijiji cha Mvureni, waliishi wanawake watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Nakiete alijaliwa masikio. Mbuzi akikohoa ng'ambo ya korongo, yeye atakuambia ni wa nani. Namcha alijaliwa mgongo. Gunia la tangawizi linalowashinda vijana wawili, yeye hulipeleka gulioni huku anaimba. Bibi Niendiwe alikuwa mzee wa magoti mabovu, lakini alijaliwa mikono. Nusu ya kijiji ilipokelewa duniani na mikono hiyo.

Siku moja Nanzia, mwenye mimba ya kwanza, alipanda njia ya mlimani kutafuta kuni. Walimkataza, hakusikia. Alipofika kona ya juu, ukungu ukashuka na uchungu ukamshika. Akaita mara moja tu, sauti ikamkauka.

Nakiete alikuwa akipalilia ng'ambo. "Nyamazeni! Kuna mtu."

"Ni nyani huyo," wenzake wakamcheka.

"Nyani hamwiti mama yake," akajibu, akatupa jembe. Aliingia katika ukungu ambamo hata mkono wako huuoni, akafuata pumzi ya Nanzia mpaka akamgusa. Kisha akapiga kelele kuelekea kijijini: "Namcha! Mlete Bibi Niendiwe!"

Namcha papo hapo alimfunga bibi mgongoni kwa kanga mbili, akaanza kupanda.

"Nishushe! Mtu mzima nabebwa kama mtoto, watu wananitazama!"

"Nani anakutazama na ukungu huu, bibi? Nishike shingo, usininyonge tu."

Alipanda mlima mzima bila kupumzika.

Bibi Niendiwe akamkuta Nanzia amelegea, na mtoto ametanguliza miguu. Alinawa kwa umande wa majani, akaanza kazi yake polepole, akimsemesha kama mwanawe. Jua lilipotoboa ukungu, mtoto wa kiume alilia hata waliobaki bondeni wakamsikia.

Miaka ikapita. Kijiji kikaamua kuweka vibao kwenye njia ile, ili wageni wanaopanda kileleni wajue majina ya mahali. Kila mahali walikubaliana, isipokuwa kona ile. Wakazi wa juu waliiita Kwa Nakiete, wa kati Kwa Namcha, wa chini Kwa Niendiwe.

"Kibao kimoja, jina moja," mwenyekiti akasema mkutanoni. "Nanzia mwenyewe aseme."

Nanzia hakuzoea kusema mbele za watu. Akasimama, amemshika mwanawe mkono. Wanawake wale watatu walikaa benchi moja, wamevaa kanga zao nzuri.

"Nisingesikia mimi, angeliwa na fisi," akasema Nakiete.

"Kusikia kunazalisha?" Namcha akamkata. "Bibi angefikaje kule, angeruka?"

"Mngefika wote mkamtazama akifa," akasema Bibi Niendiwe taratibu.

Mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Iitwe jina la mtoto!"

"Huyu? Zaidi ya kulia alifanya nini?" jirani yake akamjibu. Watu wakacheka, na mtoto naye akacheka.

Nanzia hakucheka. Alijivunia wote watatu. Kila alipopita kwenye kona ile alinyoosha mgongo, akajiona binti wa mama watatu. Lakini alijua kwamba wageni wataulizia habari za yule aliyeandikwa, naye ndiye atakayesimuliwa. Wengine wawili watasahauliwa, na wajukuu wa mwanawe hawatawajua.

Mchoraji wa vibao akachovya brashi kwenye rangi. "Haya, mama, niandike nani?"

Nanzia akafumbua mdomo.

Nami naishia hapo. Aliyesikia, aliyebeba na aliyezalisha: angekosekana mmoja, Nanzia na mwanawe wasingekuwepo. Ungekuwa wewe umesimama pale, ungetamka jina la nani?