Kitanga cha Zimwi Ukutani kwa Nakijwa

Paukwa!

Pakawa!

Nyumba?

Ukuta!

Ukuta?

Mikono!

Na asiyetia mkono?

Akae nje!

Haya, sogeeni motoni. Wewe unayemfinya mwenzako, nimekuona. Hadithi hii inanitia hasira tangu nilipoisikia kwa bibi yangu, na hasira yenyewe haijanitoka mpaka leo, kwa hiyo msinikatize.

Hapo kale, huku huku milimani, palikuwa na mwanamke aitwaye Nakijwa. Mumewe alikuwa amekwisha kufa. Alibaki na binti mmoja, Nameta, wa miaka mitatu, mwenye kifua kibovu. Mtoto akianza kukohoa, hata mbuzi wanaacha kula wanamtazama.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha, mpaka kilima kikaporomoka na nyumba ya Nakijwa ikaenda nacho. Mama na mtoto wakaokoka na mkeka mmoja, jembe, vyungu vitatu na kikapu cha mahindi ya mbegu. Wakaenda kulala katika banda la mbuzi.

Sasa kipupwe kilikuwa njiani. Ninyi mnakijua kipupwe cha huku kwetu. Ukungu unashuka alfajiri, unakaa mpaka mchana, na maji ya mtungini yanauma meno. Mganga alimtegea Nameta sikio kifuani, akamwambia mama yake, "Mtoto huyu akikutwa na kipupwe bandani humu, hatakiona kikiisha."

Basi Nakijwa alitaka nyumba yenye kuta, na moto ndani yake, na aliitaka upesi.

Kijijini kwao palikuwa na msaragambo, yaani kazi ya wote kwa ajili ya mmoja. Anayejenga anapika makande na pombe ya miwa, watu wanakuja kukanyaga udongo na kukandika. Na desturi ilikuwa hivi: nyumba ikiisha, kila aliyekandika anabandika kitanga cha mkono wake kwenye udongo mbichi, kando ya mlango. Mwenye kitanga ukutani haambiwi asubiri nje. Anaingia bila hodi, anakaa motoni, na hakuna wa kumtoa.

Nakijwa alikuwa na vitanga kila mahali. Kwa Mzee Kirumbi, jumbe wa kijiji, alibeba udongo siku tatu na mimba tumboni. Kwa Sefue mrina asali alikandika ukuta wa nyuma peke yake. Kwa Mama Nanzia alikandika mpaka kucha zikatoka damu. Kwa hiyo ilipofika zamu yake, alijua watakuja.

Akakata nguzo mwenyewe, akazichimbia. Akafunga fito mwenyewe. Kisha akachukua mahindi yake ya mbegu, wanangu, ya mbegu! Akapika vyungu vitatu vya makande.

Wakaja. Lo, walikuja wote! Wakala chungu cha kwanza. Wakala chungu cha pili. Wakala chungu cha tatu, wakakomba na ukoko. Wakanywa pombe, wakaimba, wakamsifu mpishi. Nakijwa akasimama kando ya rundo la udongo, jembe mkononi.

"Haya, jamani, tuanze."

Mzee Kirumbi akashika kiuno. "Mwanangu, mgongo wangu leo umekataa."

Sefue akatazama juu. "Dada, jua limeshakwenda. Udongo wa jioni haushiki."

Mama Nanzia akajifunga kanga vizuri, akasema, "Shoga, tutakuja kesho. Kesho mapema kabisa."

Kesho hakuja mtu. Keshokutwa hakuja mtu. Mtondo hakuja mtu. Nami nawaambia, mtu anayekula mbegu ya mjane na kumwachia ukuta mtupu, huyo hata kumsema ni kupoteza mate.

Siku hiyo ya tatu Nakijwa alisikia hasira inampanda toka miguuni. Akabeba vile vyungu vitatu mpaka uwanjani kwa jumbe, akavipasua kimoja baada ya kimoja, paa! paa! paa! Akapaza sauti kijiji kizima kimsikie.

"Kuanzia leo mkono wa mtu wa kijiji hiki usiguse ukuta wangu! Heri mkono wa zimwi!"

Hapo ndipo alipokosea. Hasira ilikuwa haki yake, lakini ulimi una mlango, na yeye aliuacha wazi. Maneno yakashuka bondeni, yakaingia msituni, yakamkuta mwenyewe aliyetajwa.

Asubuhi yake ukungu ulipopasuka kidogo, Nakijwa aliona jitu limesimama kando ya nguzo zake. Lilikuwa na manyoya mpaka magotini. Mkono wake ulikuwa na vidole vitatu tu, kila kidole kinene kama mchi.

"Umeniita," likasema. "Nimekuja kukandika."

Nakijwa alitaka kukimbia, lakini Nameta alikuwa anakohoa bandani. Akauliza, "Utakula nini?"

"Makande sili. Pombe sinywi. Chakula changu nitakula nyumba ikiisha."

Na yeye, kwa hasira aliyokuwa nayo kwa wenzake, hakuuliza ni chakula gani. Alifikiri tu jinsi Kirumbi atakavyotoa macho akiona nyumba imesimama. Akasema, "Haya, anza."

Zimwi likapiga mguu chini, likasema:

"Udongo, panda! Ukuta, simama! Mwenye nyumba, kaa!"

Udongo ukapanda wenyewe kwenye fito. Nakijwa akataka kushika jembe, akaona miguu imekuwa mizito, akakaa. Siku ya kwanza ukafika kiunoni.

Siku ya pili zimwi likaja tena. "Udongo, panda! Ukuta, simama! Mwenye nyumba, kaa!" Akakaa. Kuta zikafika juu.

Siku ya tatu likaja tena. "Udongo, panda! Ukuta, simama! Mwenye nyumba, kaa!" Akakaa. Nyasi zikaruka toka bondeni zikajiezeka paani, nyumba ikaisha.

Kisha zimwi likaenda mlangoni, likabandika kitanga chake chenye vidole vitatu kwenye udongo mbichi.

"Desturi yenu naijua," likasema. "Sasa naingia humu bila hodi. Nyumba bila moto si nyumba, kwa hiyo sitakuja leo. Siku nitakapoona moshi wa kwanza, nitakuja kula chakula changu."

"Chakula gani?"

Likacheka. "Huyo anayekohoa."

Likaondoka zake. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini hili lilikuwa halimjui mtu.

Nakijwa akashika jembe, akakipara kile kitanga. Kikatokea tena. Akakipaka udongo kwa jembe. Kikatokea tena. Akakipiga kwa jiwe mpaka fito zikaonekana. Kikatokea tena, vidole vitatu, kana kwamba ndiyo kwanza kimebandikwa.

Usiku ule baridi ya kwanza ikaanguka. Asubuhi midomo ya Nameta ilikuwa na rangi ya majivu. Akiwasha moto, zimwi linakuja. Asipouwasha, mtoto anakufa. Na ukuta huu ameujenga nani? Mdomo wake mwenyewe.

Akalia? Hakulia. Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Kirumbi. Hakupiga hodi. Akaingia, akakaa motoni, akamweka Nameta karibu na makaa.

Jumbe akaruka kitandani. "We mwanamke! Unaingia nyumba ya watu hivi hivi?"

"Nenda nje uangalie ukuta wako," Nakijwa akasema. "Kitanga cha nne toka chini ni changu. Nilikibandika nikiwa na mimba ya huyu."

Akasogeza kuni motoni, akaendelea, "Nitakaa hapa leo. Kesho nitakaa kwa Sefue. Keshokutwa kwa Mama Nanzia. Na zimwi linamtaka mtoto huyu. Siku likichoka kungoja moshi wangu, litakuja kumtafuta kwenye moto wowote alioko. Mimi sijui kama litapiga hodi. Sasa amueni, mnataka lije mlangoni kwangu au kwenu?"

"Lakini si wewe uliyeliita!"

"Ndiyo, mimi. Na mbegu yangu iko tumboni mwako."

Basi kijiji kikaitwa. Wakaenda nyumbani kwa Nakijwa, wakasimama mbele ya kile kitanga wakitupiana lawama. Huyu anasema wewe ndiye uliyetangulia kuondoka, yule anasema wewe ndiye uliyesema kesho. Nakijwa akawapigia kelele, "Nyamazeni! Mlikula kwa mikono, au sivyo? Mikono yenyewe iko wapi?"

Kirumbi, kwa aibu na ghadhabu, akachota udongo akaubamiza juu ya kitanga cha zimwi. Wakatazama. Kidole kimoja kimekwisha!

Sefue akachota naye, akabamiza. Kidole cha pili kikatoweka. Mama Nanzia akachota, akabamiza, na cha tatu kikatoweka. Waliobaki wakajazana, kila aliyekula akabandika mkono wake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na siku ile walikumbuka. Lakini kitanga chenyewe, kile kiini cha katikati kisicho na vidole, kilibaki pale pale.

Jua likaanza kuinama. Nameta alikuwa amelegea mikononi mwa mama yake, pumzi inakwaruza.

"Washa moto," Mama Nanzia akanong'ona. "Mtoto anakwenda huyu."

Wakaingia ndani wote, wakawasha. Moshi ukapenya kwenye nyasi, ukapanda. Bondeni miti ikaanza kuvunjika. Zimwi likaja mbio, likafika mlangoni, likaona vitanga vya watu ukutani. Likasita kidogo, kisha likacheka.

"Mmekula vidole vyangu, lakini kitanga kingalipo. Kinanitosha."

Likaingiza bega la kwanza.

Hapo Mzee Kirumbi akafoka, si kwa zimwi, kwa Nakijwa. "Nakijwa! Umetutukana tangu asubuhi, na umetutukana kwa haki. Sasa mkono wako mwenyewe uko wapi? Fito ulifunga. Ukuta huu umeutia tonge gani la udongo?"

Maneno yale yalimchoma kuliko baridi. Ni kweli, siku zote tatu alikuwa amekaa. Akataka kuinuka, miguu ikawa mizito kama siku zile. Akajikasirikia yeye mwenyewe, na hasira hiyo ndiyo iliyomwinua. Akamtupia Mama Nanzia mtoto, mtoto ambaye hakuwahi kumpa mtu amshike. Akazamisha mkono kwenye ndoo ya udongo waliyoingia nayo, akapita chini ya kwapa la zimwi lile lenye kunuka, akatoka nje akabamiza kitanga chake juu ya kile cha zimwi.

Kikafunikwa. Hakikutokea tena.

Zimwi likasukumwa nje kama mtu aliyepigwa teke. Likajaribu kuingia, mlango ukawa kama mwamba. Sasa lilikuwa mgeni kama wageni wengine, na mgeni hana budi kupiga hodi. Nakijwa naye alikwisha kujipenyeza ndani.

"Hodi!" zimwi likasema. Kimya.

"Hodi!" Kimya. Hata kuni ziliacha kulia.

Sasa mnajua, mtoto aliyefunzwa adabu akisikia hodi huitika. Na Nameta alikuwa amefunzwa. Zimwi likalainisha sauti, likasema mara ya tatu, "Hodi, wenyewe?"

Nameta akafungua kinywa aseme karibu. Nakijwa akaona, lakini alikuwa mbali. Mtoto akavuta pumzi, na kikohozi kikamshika. Akakohoa, akakohoa, akakohoa, neno likapotea humo humo.

Hodi tatu bila jibu, mgeni huondoka. Zimwi likageuka, likashuka bondeni meno yakigongana kwa baridi, na mlimani kule halikuonekana tena.

Lilipopotea tu, udongo wake wote ukaanza kudondoka, pu! pu! pu! Nyasi zikaruka zikarudi bondeni. Zikabaki nguzo na fito alizofunga Nakijwa, na kipande cha ukuta kando ya mlango chenye mikono ya watu.

Watu wakatazamana. Mama Nanzia akasema, "Basi, shoga, kesho..."

"Kesho wapi?" Nakijwa akasema. "Mimi na mwanangu tunalala kwa jumbe, bila hodi. Alfajiri nitakuwa hapa nakanyaga udongo. Na makande hayapikwi mpaka ukuta uishe."

Walikuja. Siku tatu walikandika ndani ya ukungu, mikono imekufa ganzi, na Nakijwa katikati yao amejaa udongo mpaka nyusi. Hakuwachekea. Alimsahihisha Kirumbi mara tatu mbele ya watu, naye Kirumbi akarudia mara tatu bila kunung'unika.

Nyumba ikaisha, moto ukawaka, Nameta akalala usingizi mzito kando ya makaa. Mama yake akapika makande kwa chungu na mahindi aliyoletewa. Nje watu walijipanga mlangoni. Kila mmoja alikuwa na kitanga chake ukutani, kila mmoja alikuwa na haki ya kuingia hivi hivi. Hakuingia mtu.

"Hodi," akasema Mzee Kirumbi, kofia mkononi.

Nakijwa alimsikia. Akakoroga chungu. Akaongeza chumvi. Akamfunika mtoto vizuri. Jumbe wa kijiji akangoja nje kwenye baridi, na hakuthubutu kusogea.

Kisha Nakijwa akasema, "Karibu."

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Nakijwa. Mafunzo yake ni haya: ukila cha mwenzako, mkandikie ukuta. Na wewe mwenye nyumba, hata ukiwa na hasira za haki, usikae ukatazama wengine wakikujengea.