Mdila wa Sultani Jabiri

Alikuwako katika mji wa Zimbani Sultani aitwaye Jabiri bin Tawakali, mwenye mapazia arobaini ya hariri na ulimi laini kuliko mapazia hayo, na chini ya kasri lake lilikuwako bonde jeusi lenye rutuba, ambalo nusu yake babu yake aliwapora wakulima kwa upanga, na nusu iliyobaki yeye, kwa kuwa alikuwa msomi na mstaarabu, aliamua kuipora kwa mazungumzo.

Basi wakulima walipochachamaa wakitaka haki yao, Sultani aliwaita wajumbe wao kasrini, akawakalisha kwenye zulia, akatangaza kwamba bonde zima litagawiwa upya, na Waziri wake Masudi akalizungushia uzio. Na desturi ya Zimbani ilikuwa hii: ardhi inayozungumzwa haiguswi kwa jembe, na mazungumzo hayaishi mpaka mdila, yaani birika la shaba la kahawa, uliowekwa zuliani unywewe wote, na mashapo yake yamwagwe juu ya ardhi hiyo. Lakini ilikuwako pia sheria ya zamani, nayo ni kwamba shamba lisilolimwa kwa masika saba huwa mali ya Sultani.

Na masika sita yalikuwa yamekwisha kupita, na mdila ungali umejaa.

Mjumbe mkuu wa wakulima alikuwa mzee Shekuwe, aliyeingia kasrini mwembamba kama mpini wa jembe, na sasa alikuwa na tumbo. Magoti yalipomvimba kwa kukaa sana zuliani, mpwa wake Mize binti Haruni alimkanda kwa mafuta ya moto, akamwuliza, "Mjomba, mawingu yamekwisha kukusanyika. Mmefikia wapi?"

"Tumefika pazuri, mwanangu. Jana Sultani alilia machozi."

"Machozi yake yanaotesha mtama?"

"Una mdomo wewe! Siasa inataka subira."

"Njaa haina subira, mjomba. Kesho nakwenda mimi."

Na kwa kuwa desturi iliruhusu damu ya mjumbe kukaa mahali pake, Mize alikwenda, na jembe lake begani, na walinzi wakacheka wakamwacha apite. Akakaa zuliani, akamiminiwa kahawa, asiinywe. Akamtazama Waziri Masudi akiahidi visima na Sultani akiahidi hati za mashamba, na wajumbe wakiitikia kwa vichwa na kunyoosha mikono wapate halua, na hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka.

Ilipoadhiniwa alasiri watu wote walitoka, akabaki yeye na mdila. Na mdila ukakohoa.

"Mwanamwali," ilisema sauti kutoka ndani ya shaba, "wewe ni wa kwanza kuketi hapa bila kunywa. Anywaye kahawa yangu hanisikii."

"Nani wewe?"

"Zuhali, jini wa kabila la upepo. Niliwahi kubeba milima mgongoni, na leo napika kahawa, tazama aibu hii! Waziri Masudi alinifunga kwa hirizi, kwamba kila ahadi ya uongo isemwayo juu ya zulia hili, mimi nijaze kikombe kimoja. Miaka sita sijapata hata dakika ya kukaa chini."

Hapo Mize alielewa. Mashamba yao yaliuawa kwa vikombe, na wajumbe wao ndio waliovinywa!

"Utafunguliwa na nini?"

"Kwa neno moja la kweli kutoka kwa Sultani, au mashapo yangu kumwagika. Wasipokunywa nitafurika mpaka mashapo yatoke, lakini wao wanakunywa kila kikombe."

Watu waliporudi, Mize alisimama akafungua madirisha yote, na huko chini wakulima walikuwa wamejaa uwanjani wakingoja habari. Akawaambia wajumbe, "Baba zangu, kama mna uso, pindueni vikombe." Wakatazamana kwa haya, kisha kimoja baada ya kingine kikapinduliwa.

"Seyyidi yangu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka uwanjani, "bonde utaturudishia lini?"

"Kesho, binti yangu," akajibu Sultani, na mdila ukafurika ukalowesha zulia.

"Na uzio wa Waziri?"

"Utang'olewa leo!" Kahawa ikamfika kwenye viatu.

"Na wajane?"

"Ekari kumi kumi! Na ng'ombe! Na shule!" Umati ulipiga vigelegele, na Sultani, ambaye vigelegele vilimlevya, akaendelea kuahidi, naye Waziri akamvuta joho akinong'ona, "Nyamaza, bwana wangu, nyamaza!" na kahawa ikiwa magotini.

"Sema neno moja la kweli," alipaza sauti Mize, "na mdila utatulia. Moja tu!"

Sultani Jabiri alifikiri, akatafuta kifuani mwake kote, kisha akaweka mkono moyoni akasema, "Wallahi, nawapenda."

Hapo mdila ukapasuka. Kahawa ilitoka kwa kishindo, ikamsomba Waziri na mito yake, ikashuka ngazi, ikapita uwanjani watu wakiruka pembeni, ikang'oa uzio wote nguzo kwa nguzo, ikaenea bondeni ikanywewa na ardhi. Na juu ya ardhi yakabaki mashapo ya miaka sita, yakifika vifundoni.

Zuhali akatokea juu ya kasri, mrefu kama moshi, akasema, "Mize, omba dhahabu, omba pete, omba kasri!"

"Shika jembe. Mvua inakuja."

Jini akacheka mpaka vigae vikaanguka, akashika jembe, na kabla ya tone la kwanza la masika ya saba bonde zima lilikuwa limelimwa, naye mzee Shekuwe akilima kwa magoti. Mavuno yalijaza maghala, na Mize akaolewa na kijana aliyemposa akiwa ameshika mpini.

Baadaye Sultani alileta tarishi na mdila mpya wa fedha, kuwaalika kwenye mazungumzo.

"Karibu," Mize alimwambia bila kuinua mgongo. "Mwambie bwana wako tunazungumza hapa hapa, tukilima. Ana jembe?"

Tarishi akauweka mdila chini.

"Uache huo," akasema Mize, "tutanyweshea kuku."

Yamekwisha niliyopewa kusimulia. Nawe uliyealikwa zuliani, kabla hujashika kikombe, uliza shamba lako linalimwa na nani ukiwa umekaa.