Mistari Miwili ya Bwana Theonest

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Fisi huyo alisikia harufu ya nyama mahali njia zilipogawanyika, akashindwa kujua inatoka upande gani. Akapeleka miguu ya kulia njia ya kulia na miguu ya kushoto njia ya kushoto, akaendelea hivyo hivyo mpaka akapasuka msamba. Watu wakisikia habari zake hucheka na kumwita mlafi. Lakini palikuwa na mtu Temeke, zamani za Waingereza, ambaye hakuwa mlafi hata kidogo, na bado yalimpata ya fisi.

Mtu huyo aliitwa Theonest. Alikuwa Mhaya, karani wa posta, mwembamba kama mwanzi na mpole kama maji ya mtungini. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: hakujua kusema hapana. Muuza samaki akimwambia samaki ni wabichi, alikubali. Akifika nyumbani mkewe Auleria akamwambia wameoza, alikubali pia, tena kwa moyo mweupe.

Mwaka wa 1950 wakubwa wa mji waliunda kamati ya bustani na viwanja, wakataka kila kitongoji cha pembeni kitoe mtu mmoja. Temeke hakuna aliyejua kamati hiyo inafanya nini, kwa hiyo hakuna aliyeitaka. Theonest aliombwa, naye kama kawaida yake akakubali. Kwa miaka mitatu alifanya jambo moja. Aliona akina mama wa sokoni wanaungua juani kama dagaa, akaandika barua kila mwezi mpaka ikaletwa miche kumi na miwili ya miarobaini. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kazini, aliimwagilia kwa ndoo yake mwenyewe. Ilipoanza kutoa kivuli watu waliiita miarobaini ya Theonest. Posta aliitwa "wewe karani", lakini akipita sokoni watu waliinuka kumsalimu. Jambo hilo lilimwingia moyoni. Miaka mitatu ilipokwisha na uchaguzi ukakaribia, alikitaka kiti kile cha kamati kuliko kitu chochote duniani.

Safari hii palikuwa na neno zito. Nyuma ya soko palikuwa na kiwanja kitupu, na kamati ilikuwa tayari kukitengeneza, ila kwa kazi moja tu. Kilikuwa kidogo. Ukiweka magoli mawili, hapabaki pa kupanda hata mchicha.

Wa kwanza kuja kwa Theonest alikuwa Gaudens, kijana wa bandarini, nahodha wa timu ya mpira.

"Shikamoo, bwana mkubwa. Sie tumekataliwa kuingia kwenye mashindano," alisema. "Wanasema timu isiyo na uwanja si timu, ni genge. Tunataka kiwanja kile."

"Ni haki yenu," Theonest akasema. Na kweli aliamini ni haki yao.

Gaudens alifurahi, akamvisha filimbi ya mwamuzi shingoni. "Hii utaipuliza mwenyewe siku ya kwanza!"

Siku mbili baadaye alikuja Bi Tunu, mwanamke mwenye nyumba ya vyumba sita na ulimi wa vyumba kumi. Nyuma yake walikuwa wanawake wengine saba.

"Mwanangu Theonest, unajua tulivyozika juzi," alisema. "Nyumba zetu hizi hazina ua wa kutosha. Watu wa matanga tumekaa juani siku tatu, Bahiya akaanguka kwenye mkeka, tukadhani tuna msiba wa pili. Tupandie miarobaini kiwanja kile kizima, tupate pa kukalia na wafiwa wetu."

Theonest alimkumbuka Bahiya alivyobebwa, machozi yakamlengalenga. "Mama, ni haki yenu," akasema. Na kweli aliamini hilo nalo. Bi Tunu akamtandika mabegani kanga mpya yenye maua mekundu.

Jioni ile Auleria alimkuta ameketi kitandani, filimbi mkono huu, kanga mkono ule, anavitazama kama mtu aliyeletewa watoto wawili wasio wake.

"Baba Audax, kiwanja ni kimoja," Auleria alisema.

"Najua."

"Basi ni cha nani?"

"Ni cha vijana," alisema Theonest. Kisha akafikiri. "Na cha akina mama."

"Wewe mwenyewe unataka kiwe nini?"

 Theonest alijitafuta moyoni kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, mara huku mara kule, asiupate. "Acha nipate kiti kwanza," alisema mwishowe. "Nikishapata, nitajua."

Siku zile kura haikupigwa kwa karatasi. Mgombea alisimama kwenye kiwanja kilekile cha nyuma ya soko na watu wakapanga mstari nyuma yake, mmoja nyuma ya mwingine, kila mtu akimwona mwenzake. Hapo ndipo Theonest alipoona hatari. Vijana na akina mama wakipanga mstari mmoja watazungumza, na wakizungumza atakuwa ameumbuka. Basi akawaambia vijana wapange mstari wao kwenye goli, miti miwili waliyoisimika wenyewe upande wa kusini. Akina mama akawaambia wapange penye kisima kilichokuwa upande wa kaskazini. Aliona kwamba mistari yote miwili itahesabiwa kuwa yake.

"Na wakikutana?" Auleria aliuliza.

"Hawatakutana. Kiwanja kipana."

"Juzi ulisema kidogo."



Siku ya kura watu walijaa kiwanjani kama siafu. Mwaka ule hata wanawake wenye nyumba zao waliruhusiwa kusimama mstarini, na Bi Tunu alikuja nao wote, kanga moja sare. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, aliketi chini ya mwavuli, na karani wake, Bwana Revelian, akashika kazi ya kuhesabu. Mgombea wa pili alikuwa Aidarus, mwenye duka, aliyekuja na kiti chake. Huyu hakuahidi kitu. Alikuwa amesema waziwazi, "Mie nina mbuzi kumi na nne. Wanakula majani pale. Nataka majani yabaki." Watu walimcheka wiki nzima.

Revelian alitazama kusini, akaona mstari mrefu wa vijana kwenye goli, na mbele yao hakuna mtu. Akatazama kaskazini, akaona mstari mrefu wa akina mama kisimani, na mbele yao hakuna mtu vilevile.

"Hawa wanamchagua nani? Upepo?" aliuliza.

"Ni wangu!" Theonest aliita, akakimbilia golini na filimbi yake. Vijana wakashangilia. Hesabu ya Revelian haikuwa imefika kumi na tano, Theonest akakumbuka kisima. Akatimua mbio, huku anatoa kanga kwenye mfuko na kujitupia mabegani. Akina mama wakapiga vigelegele. Kisha vikakatika ghafla.

"Mwanangu," Bi Tunu alisema, "hiyo filimbi ya nini?"

Theonest aliishika kama aliyeona nyoka shingoni mwake. Akageuka kurudi golini, na alipofika Gaudens akamuuliza, "Bwana mkubwa, mbona umevaa kanga?"

"Bwana Theonest!" Revelian alipaza sauti, jasho linamtiririka. "Mstari ni nyuma ya mgombea, na mgombea ana mgongo mmoja. Chagua pa kusimama!"

Theonest alitazama goli. Akatazama kisima. Kichwa chake kilimzunguka kama pia. Akaenda kusimama katikati kabisa ya kiwanja, na watu wa pande zote mbili wakaja nyuma yake, wakachanganyika, vijana na akina mama, bega kwa bega.

"Nyie mmefuata nini huku?" Bi Tunu alimuuliza Gaudens.

"Mpira, mama. Hapa panakuwa uwanja wetu."

"Uwanja? Hapa panapandwa miti! Ametuapia."

"Miti? Tutacheza mpira na ngedere?"

"Kacheze baharini! Sie tuna maiti!"

Zogo likapanda. Hapana aliyejua amsukume nani. Mwisho Gaudens na Bi Tunu walinyamaza kwa pamoja, wakamgeukia mtu wao, na mstari wote ukageuka nao. Revelian akamsogelea.

"Bwana Theonest, waambie wenyewe. Kiwanja hiki ni cha mpira au cha miti?"

Palikuwa kimya hata mbuzi wa Aidarus wakasikika wakitafuna. Theonest aliwatazama vijana, akawaonea huruma. Akawatazama akina mama, akawaonea huruma. 

"Ndiyo," alisema.

"Ndiyo ipi?"

"Ndiyo... ndiyo zote."

Gaudens alimvua filimbi shingoni taratibu, bila ukali. Bi Tunu akaichukua kanga yake, akaikung'uta kama yenye mchanga. Vijana wakaenda zao kusini, akina mama kaskazini. Revelian alipohesabu, nyuma ya Theonest walibaki wanne: makarani wawili wa posta, jirani yake mmoja, na mzee kiziwi aliyekuwa hajasikia lolote. Auleria naye alikuwa amesimama hapo, lakini hakuwa na nyumba kwa jina lake, hivyo hakuhesabiwa. Aidarus alipata kumi na tisa, wengi wao ndugu zake. Alipotangazwa mshindi alishangaa kuliko watu wote, akasahau hata kiti chake.

Njiani kurudi nyumbani, Theonest alisema, "Sielewi, Mama Audax. Watu zaidi ya mia mbili walinipenda asubuhi."

"Hata sasa wanakupenda," Auleria alijibu. "Lakini ulitaka nini wewe?"

Alifikiri mpaka wakafika mlangoni. "Nilitaka wote wafurahi."

"Hilo si la kiwanja, mume wangu. Hilo ni la peponi."

Mwezi uliofuata ulitokea msiba mwingine. Bi Tunu na wenzake walitandika mikeka juani, kanga vichwani. Gaudens na timu yake walipita barabarani, viatu mkononi, wakienda kuomba uwanja Ilala. Katikati, kwenye majani mabichi, mbuzi kumi na nne walikuwa wanakula bila wasiwasi. Theonest alipita na ndoo yake kwenda kumwagilia miarobaini ya sokoni, akawaona wote, na hakujua awasalimu nani kwanza. Akainamisha kichwa akapita. Kweli, njia mbili zilimshinda fisi.