Mvua Ndani ya Nyumba ya Lukelo

Paa lisilopumua humnyeshea mwenyewe. Mmeisikia leo kwa fundi, mkacheka, mkaniuliza paa lina pua gani. Kaeni basi, na msinikatize. Methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu Makete, wakati wa baridi maji huganda kwenye ndoo. Mwaka mmoja, mwezi wa Mei, Lukelo Tweve alipata mtoto wa kwanza, njiti wa miezi saba. Mkunga alimwambia neno moja tu: mtoto huyu akipigwa na baridi, hamnaye. Tangu hapo Lukelo hakutulia. Alizunguka nyumbani akiwa amenyoosha kiganja, akitafuta upepo unapopenya, na kila alipouhisi alipaziba.

Alibeba magunia ya maranda kutoka kwa wapasua mbao, akayashindilia juu ya dari mpaka yakagusa mabati, kenchi zote, zile mbao zinazobeba bati, zikafukiwa. Kisha akakandika udongo kwenye upenyo wote kati ya ukuta na bati. Nyumba ikapata joto kweli, mtoto akanyonya vizuri. Baba mtu hakulala. Alikuwa akitafuta tundu jingine.

Mama mkwe wake, Bibi Tulinagwe, alikuja kulea. Siku hizo mtu na mama mkwe wake hawakusemeshana. Mwenye neno alikiambia kitu kilicho karibu, na mwenzake akasikia.

Julai, asubuhi ya jua kavu, tone la maji lilimwangukia mtoto shavuni. Lukelo akasema bati linavuja, akapanda kuongeza udongo. Matone yakazidi. Blanketi likalowa, mtoto akaanza kukohoa, na Lukelo akawa haketi wala hali.

Bibi alikuwa jikoni, Lukelo na mkewe wakiwa karibu. Akafunua chungu cha viazi.

"Chungu," akasema, "kifuniko chako kinatiririka maji. Nani amekunyeshea?"

Lukelo akamgeukia mkewe. "Kiambie chungu nina mtoto wa kuokoa. Sina muda wa viazi."

"Chungu, hujanyeshewa. Ni mvuke wako mwenyewe, umekosa pa kutokea. Humu watu wanapumua, birika linachemka kutwa. Mvuke wao unakwenda wapi?"

Lukelo akachukua ngazi. Akapanda darini, akafukua maranda. Yalikuwa yamelowa, na kenchi iliyo juu ya kitanda cha mtoto ilikuwa nyeusi kwa ukungu. Akaibonyeza, kucha ikazama. Hapo aliogopa kuliko siku ile ya mkunga, maana safari hii hatari aliijenga mwenyewe.

Siku hiyo hiyo alibomoa udongo, akaacha upenyo wa vidole viwili pande zote mbili, upepo uingie huku na kutokea kule. Maranda yaliyolowa akayatupa. Makavu akayatandaza juu ya dari tu, kenchi zikabaki wazi, na ile mbovu akaibadilisha. Joto likabaki kwa watu, upepo ukabaki kwa mbao. Baada ya siku chache kikohozi kikakoma.

Lukelo akavunja desturi. Alipiga goti mbele ya mama mkwe, akasema, "Asante, mama."

Bibi akatazama pembeni. "Chungu," akasema, "mwambie sasa akalale."

Akalala mpaka kesho yake mchana. Najua, kwa sababu shavu lililodondokewa ni hili langu, na mama alinisimulia mara nyingi. Kwa hiyo mkiona mtu anaziba kila tundu kwa kuhofia anachokipenda, msimcheke. Mwambieni tu: paa lisilopumua humnyeshea mwenyewe.