Jezi ya Kiboko na Mwamba wa Magwiji

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa uwanja!

Uwanja wa nini?

Wa rungu na mpira!

Haya, sogeeni. Aliye nyuma aje mbele, aliye mbele akunje miguu, maana leo kuna mnyama mnene anapita.

Hapo kale wanyama wa Bondeni walikuwa na mchezo waliopenda kuliko kula. Besiboli. Mmoja anarusha mpira, mwenzake anaupiga kwa rungu, paa! Halafu mpigaji anatimua mbio, anazunguka vituo, mpaka arudi kituo cha nyumbani alikoanzia. Akifika salama, uwanja mzima unalia, hewaa!

Na katika uwanja huo hakuna aliyepiga mpira kama Kiboko. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mpira unakuja, vuuu! Kiboko anazungusha kiuno, paa! Mpira unavuka uwanja, unavuka mbuga, unatua mtoni, chubwi! Wadakaji walikuwa hawajisumbui hata kukimbia. Walikuwa wanavua kofia na kuutazama ukienda zake.

Aliyeutazama kwa mapenzi kuliko wote ni Pimbi. Pimbi mwenyewe hakuwa mchezaji. Rungu lilikuwa refu kuliko yeye. Kazi yake ilikuwa kuandika. Mechi ikichezwa, Pimbi yuko juu ya jiwe lake, kipande cha mkaa mkononi, anaandika kwenye gome la mti. Jioni anawasomea wenzake. Aliyekuwapo uwanjani anaiona mechi upya, na asiyekuwapo anaapa kwamba alikuwapo.

Sasa, kila baada ya mavuno, Korongo mwamuzi aligawa tuzo. Palikuwa na Rungu la Mpingo, la mpigaji bora. Palikuwa na Glovu Nyekundu, ya mdakaji bora. Palikuwa na Kibuyu cha Chipukizi, cha mchezaji mgeni aliyeng'ara. Na palikuwa na Unyoya wa Kanga, wa mwandishi aliyesimulia mechi vizuri kuliko wote. Unyoya wenyewe mdogo, una madoadoa meupe, huwezi hata kuufagilia jiko. Lakini Pimbi aliuota usiku na mchana. Alitaka autie sikioni, apite sokoni, wanyama waseme: maneno yale ni ya huyu.

Tabu ni kwamba Kiboko hakutosheka.

Korongo akiinua Rungu la Mpingo, Kiboko anapanua mdomo, meno yote nje. "Kuna mwingine?"

"Ha-hakuna, bwana mkubwa."

Anachukua. Hilo haki yake.

Korongo akiinua Glovu Nyekundu, Kiboko, ambaye hajawahi kuinama kudaka hata ndimu, anapanua mdomo. "Kuna mwingine?"

"Ha-hakuna, bwana mkubwa."

Anachukua. Korongo akiinua Kibuyu cha Chipukizi, Kiboko, aliyeanza kucheza Korongo akiwa bado yai, anapanua mdomo. "Kuna mwingine?"

"Ha-hakuna, bwana mkubwa."

Anachukua! Na Chura, aliyedaka mipira msimu mzima kwa mikono, kwa miguu na kwa ulimi, anarudi nyumbani mikono mitupu. Kisha unaletwa ubwabwa. Kiboko anakula sufuria hili, anakula sufuria lile, halafu huyo, mtoni kulala. Hakupata hata siku moja kubaki akasikia mwingine anavyosifiwa. Angebaki ingemfaa, kama mtakavyoona.

Mwaka mmoja, asubuhi ya fainali, Pimbi akasikia jiwe lake linatikisika. Ndi! Ndi! Ndi!

"We Pimbi."

"Naam, bwana mkubwa."

"Mwaka huu na unyoya nautaka."

"Unyoya ni wa mwandishi, bwana mkubwa."

"Basi mimi mwandishi. Wewe utaandika, juu utaweka jina langu. Ukikataa nitakuja kulilalia jiwe hili, na wewe ukiwa chini yake."

Pimbi aliumia, wanangu. Aliumia kweli. Jiwe si kitu, mawe yamejaa tele. Lakini maneno yake! Ayatafute yeye, ayapange yeye, kisha yaende kuishi kwa Kiboko kama yatima! Machozi yakamlenga. Akayameza, akakuna kichwa, akacheka kidogo kwa adabu.

"Bwana mkubwa, unyoya? Mnyama wa heshima yako atembee na unyoya mmoja kama kuku aliyenusurika kuchinjwa? Na mimi nilidhani umekuja kwa ajili ya Mwamba."

"Mwamba gani?"

"Mwamba wa Magwiji, ule pale juu ya uwanja. Gwiji akikubaliwa, jina lake linachongwa kwenye jiwe, na jezi yake inatundikwa kileleni. Mvua inyeshe, jua liwake, jina lipo tu. Bibi Mbuni yupo."

Kiboko akashtuka. "Mbuni? Kile kibibi chenye goti bovu?"

"Ndiye huyo."

"Yeye yupo, mimi sipo?"

"Hilo ndilo linaloniuma, bwana mkubwa."

"Mbona sijapata kusikia habari hizo?"

"Sherehe yake huja baada ya ubwabwa."

"Aaa," akasema Kiboko. "Baada ya ubwabwa huwa nina shughuli."

"Basi leo ahirisha shughuli. Mwamba hauombwi kwa siri. Simama mbele ya wote, uombe kwa sauti. Na mimi nitakuandikia sifa ambazo hata Bibi Mbuni hakuandikiwa."

Kiboko akavimba kwa raha mpaka masikio yakacheza. "Na unyoya je?"

"Vitu vya watoto hivyo, bwana mkubwa. Mwamba haukai nyumba moja na vibuyu."

Haya. Fainali ikachezwa. Na siku hiyo, jamani, Kiboko alipiga! Mpira ulikuja, vuuu! Kiboko akazungusha kiuno, paa! Wote wakasikiliza chubwi. Chubwi haikuja. Wakasubiri. Haikuja. Mpira ulivuka mto, ukavuka vilima, ukaenda zake. Pimbi juu ya jiwe lake alisahau ugomvi wote, akaandika.

Jioni Korongo akagawa tuzo. Rungu la Mpingo, Kiboko akalichukua. Glovu Nyekundu ikainuliwa, wote wakamtazama Kiboko, Kiboko akageuza shingo. "Mpeni Chura. Mimi nina langu kubwa linakuja." Kibuyu cha Chipukizi akapewa Digidigi, akakikumbatia akalia. Ukainuliwa Unyoya wa Kanga, Kiboko akaangua kicheko. "Huo mpeni kijitu hicho cha mawe!"

Korongo akautia unyoya katika sikio la Pimbi. Sikio likainama kwa uzito. Pimbi akazunguka uwanja mzima ili kila mnyama auone.

Ubwabwa ukaliwa. Kiboko akajizuia, akala masufuria matatu tu. Kisha akasimama, ndi! "Nautaka Mwamba!"

Korongo akamwinamia Pimbi. "Anaijua desturi?"

"Muulize yeye, mwamuzi. Muulize yote, kwa sauti."

Lakini kwanza Pimbi akapanda jiwe, akasoma: "Leo Kiboko ameupiga mpira, na mpira haujarudi. Tumewauliza samaki, hawakuuona. Tumewauliza ndege, wanasema uliwapita. Pengine bado unakwenda. Wajukuu wetu wakiona kitu cheupe kimekaa angani mchana, tutawaambia: ule ni wa Kiboko." Wanyama wote wakalia. Kiboko akalia kuliko wote, maana alikuwa hajui kama yeye ni mzuri kiasi hicho.

Korongo akasafisha koo. "Kiboko, unakubali jezi yako itundikwe Mwambani?"

"Itundikwe juu kabisa!"

"Unakubali rungu lako lifungiwe katika pango la Mwamba?"

"Lifungiwe! Wezi ni wengi."

"Unakubali namba ya jezi yako isivaliwe tena uwanjani na mnyama yeyote, tangu leo hadi dunia iishe?"

Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Nani atathubutu!"

"Hewaa!" uwanja ukaitikia. Nyani wakapanda na jezi. Ilikuwa pana, ingetosha turubai la harusi. Rungu likapitishwa katika mlango wa pango, mwembamba kama mlango wa banda la njiwa. Jina likachongwa, ko, ko, ko.

Msimu mpya ukaingia. Siku ya mechi ya kwanza, huyo anakuja, ndi! ndi! ndi!

"Korongo, rungu langu liko wapi?"

"Pangoni, mzee."

"Jezi yangu iko wapi?"

"Mwambani, mzee."

"Ziteremsheni, nataka kucheza."

"Mzee wangu, magwiji wa Mwambani hawachezi. Ulikubali mwenyewe, mbele yetu sote."

Ndipo Kiboko akaelewa. Akageuka kumtafuta Pimbi, macho mekundu. Pimbi alikuwa juu ya Mwamba, unyoya sikioni. Kiboko akajaribu kupanda, akateleza, pwaa! Akajaribu tena, pwaa!

"Kama sipandi, nitauvunja!" akanguruma. Akarudi nyuma, akainamisha kichwa ili aukumbe.

"Uvunje, bwana mkubwa," Pimbi akasema, na sauti yake sasa haikuwa na mzaha. "Uwezo unao. Lakini jina la Bibi Mbuni liko upande wa nyuma. Lililo hapo mbele ya kichwa chako ni lako. Na nililoandika si uongo hata neno moja. Sijapata kuona mpigaji kama wewe, na sidhani kama nitamwona."

Kiboko akasimama. Akalitazama jina lake. K kubwa, imechongwa vizuri, jua la asubuhi limeiangukia. Akainua kichwa akaitazama jezi inavyopepea. Akashusha pumzi, puuuh! Nguvu zikamwisha.

Ndipo Bibi Mbuni, aliyekuwa amekaa kivulini mwa Mwamba na goti lake bovu, akajisogeza kidogo.

"Njoo ukae, mwanangu. Mwaka wa kwanza unauma. Nilipokuwa nacheza nilijua mbio tu mimi, mchezo wenyewe nilikuja kuuona nikiwa nimekaa hapa."

Kiboko akakaa. Alikaa amenuna, mgongo ameugeuzia uwanja. Ngiri akashika rungu. Vuuu! Paa! Mpira ukapita juu ya kichwa cha Kiboko. Akageuka kuufuata kwa macho, akasahau kununa, akasikia mdomo wake mwenyewe unapiga kelele: "Hewaa!"

Na funzo la hadithi hii? Funzo ni kwamba msiwe wachoyo wa sifa, wanangu. Mkubwa akiwaomba unyoya, mpeni mwamba mzima. Wanaowabania wenzao heshima ni wenye husuda, na Pimbi, Mungu ambariki, hakuwa na husuda hata chembe.

Hadithi yangu imezunguka vituo vyote, imefika nyumbani na vumbi miguuni. Ikiwa tamu, nipigieni makofi. Ikiwa chungu, kamlaumuni Korongo, ndiye mwamuzi.